Togwa Kabla ya Nusukaputi

Bibi Wilhelmina wa Katindiuka alikuwa na sheria moja nyumbani kwake. Mtoto haondoki na tumbo tupu. Awe anakwenda shule, awe anakwenda shambani, awe anakwenda kuteka maji hapo nyuma tu, kwanza aweke kitu tumboni. Kiporo cha wali, kipande cha muhogo au kikombe cha togwa. Alilea watoto saba kwa sheria hiyo, na wote saba wakawa watu wazima wenye miguu na meno. Nani angembishia?

Mkwe wake, Digna, hakumbishia. Digna alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mume wake, Evodius, alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu, na nyumbani alikuja kwa nadra. Kwa hiyo wanawake hao wawili waliishi pamoja na Luciana, mtoto wa miaka minane, binti pekee wa Digna. Digna akisema mtoto avae sweta, bibi alisema kuna joto. Digna akisema mtoto akalale, bibi alisema aache kwanza amalize kucheza. Digna alinyamaza. Lakini kunyamaza si kukubali, na bibi alilijua hilo vizuri tu.

Mwaka huo mpunga ulipoanza kuiva, ndege walikuja kwa makundi. Siku za mapumziko Luciana alipanda kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu katikati ya shamba. Akiwa huko aliamia ndege, akiwafukuza wasile mpunga. Alipiga debe, akapiga na kelele. Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, mti wa ngazi ulivunjika. Luciana akaanguka, akaulalia mkono wa kushoto.

"Mama! Mkono wangu! Mama!"

Mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Digna aliufunga kwa ubao na kanga. Wakapanda bajaji wote watatu mpaka hospitali, mjini Ifakara.

Mtoto alipigwa picha. Muuguzi akawaeleza.

"Mifupa imevunjika na kupandana. Lazima ivutwe, inyooke. Hatuwezi kumvuta akiwa macho, ataumia mno. Tutampa dawa ya usingizi kwenye mshipa wa damu. Lakini amekula sasa hivi, kwa hiyo ni kesho asubuhi."

"Nusukaputi?" aliuliza bibi. Sauti yake ilishuka.

"Ndiyo, bibi. Nyumbani kwenu ni karibu, mnaweza kwenda kulala. Tumemfunga vizuri na tumempa dawa ya maumivu. Angalieni vidole vyake. Vikiwa vya baridi, au vikifa ganzi, rudini saa hiyohiyo. Na baada ya saa sita usiku asile kitu chochote. Maji matupu anaweza kunywa kidogo mpaka alfajiri. Basi."

"Nimeelewa," alisema Digna.

Bibi Wilhelmina pia alisikia. Ila masikio ya bibi yalichukua neno moja tu, maji. Kumbe kunywa kunaruhusiwa!

Jioni jirani yao, Restituta, alikuja kutoa pole. Restituta akija kutoa pole, mgonjwa huzidiwa.

"Nusukaputi? Jamani, jamani," alisema. "Shemeji yangu kule Mbingu alipoamka alikuwa anaongea na marehemu baba yake. Dawa ile inabeba akili ya mtu."

"Akili yake haikurudi?" aliuliza Digna.

"Ilirudi."

"Sasa?"

"Aa, mimi nimesema tu."

Digna hakulala usiku ule. Alikaa pembeni ya mtoto, akagusa vidole vyake kila mara. Alihakikisha hakuna anayemsogezea chakula. Alfajiri alitoka kwenda kuteka maji ya kumwogesha.

Hapo ndipo Luciana alipoanza kulia. "Bibi, nina njaa. Bibi, tumbo linauma."

Nakuuliza wewe msomaji, ungekuwa bibi ungefanya nini? Mtoto amevunjika mkono, anakwenda kuchomwa dawa kali, na anakwenda akiwa na njaa! Moyo wa bibi uliuma. Alitazama kwenye kona. Chungu cha togwa kilikuwa pale, togwa ya unga wa mahindi na ulezi ulioota, tamu, imetulia.

"Togwa si chakula," alijisemea. "Togwa inanywewa. Na kunywa wameruhusu."

Akajaza kikombe.

"Kunywa mjukuu wangu. Kunywa haraka, mama yako asikuone. Na usiseme."

Mtu anayeamini kwamba anafanya jambo jema hamwambii mtoto asiseme. Lakini bibi hakujiuliza. Luciana alikunywa kikombe kizima, akajifuta mdomo, akanyamaza. Bibi alifurahi.

Asubuhi walikuwa hospitali. Luciana alivalishwa gauni la kijani, akalazwa kwenye kitanda chenye magurudumu. Akaja kijana mmoja mrefu mwenye kofia ya kitambaa kichwani.

"Shikamoo bibi. Habari za asubuhi, mama."

"Marahaba, baba," alijibu bibi.

"Naitwa Lukelo. Mimi ni mtaalamu wa usingizi. Daktari atanyoosha mkono. Mimi sitashika mkono. Kazi yangu ni kumlaza huyu mtoto, kumlinda akiwa amelala, na kumwamsha. Basi. Kabla ya hapo nina maswali."

Aliuliza kama mtoto ana kikohozi au homa. Hana. Aliuliza kama kuna dawa inayomdhuru, akiinywa anavimba au anawashwa. Hakuna. Aliuliza kama anatumia dawa yoyote, ya hospitali, ya dukani au ya mitishamba. Hapana. Aliuliza kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida kwa dawa ya usingizi.

"Hakuna," alisema Digna.

"Alikula lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni. Wali. Nimemlinda mwenyewe usiku kucha."

Lukelo akainama kwa mtoto. "Eti Luciana, asubuhi umekula nini?"

Luciana alimtazama bibi yake. Kisha akatazama dari.

"Sijala," alisema.

Bibi Wilhelmina alihisi uso unawaka moto. Alikuwa amemfundisha mtoto kudanganya, na mtoto alikuwa amefundishika. Lakini alijipa moyo. Togwa tu! Itafanya nini?

"Mnayo maswali?" aliuliza Lukelo.

"Tumesikia dawa hii inabeba akili," alisema Digna.

Lukelo hakucheka. Alivuta kiti akakaa.

"Nitawaambia kila kitu. Dawa hii inaingia moja kwa moja kwenye damu, kwa hiyo mtu analala haraka, kabla hajamaliza kusema jina lake. Inasaidia sana, lakini ina mambo yake. Pumzi inaweza kupungua. Presha inaweza kushuka au kupanda. Ndiyo maana tunaweka kifaa kwenye kidole kinachotuonyesha oksijeni ya kwenye damu na mapigo ya moyo. Oksijeni ipo hapo hapo karibu. Na mimi siondoki. Dawa hii haichomwi dukani wala nyumbani kwa mtu, hata aseme anajua namna gani."

"Na kuongea na marehemu?"

"Hiyo pia. Dawa tutakayompa Luciana huleta ndoto. Akianza kuamka anaweza kufungua macho na yakawa yanachezacheza. Anaweza kuongea mambo ambayo hayapo, kulia, kutokwa na mate, au kutapika. Hajarogwa na hajapata wazimu. Dawa inatoka kwenye damu polepole, na akili inarudi. Akiwa hivyo msimtikise wala msimpigie kelele. Kaeni kimya, mumshike mkono."

Digna alishusha pumzi. Bibi alikohoa kidogo.

"Baba," alisema, "hii habari ya kutokula ni ya nini? Mtoto anadhoofika bure."

"Swali zuri, bibi. Hapa kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya hewa. Zimekaa jirani. Ukiwa macho, kitu kikikosea njia unakohoa, kinatoka. Dawa ya usingizi inaweza kuilegeza kinga hiyo. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda juu, kikaingia kwenye mapafu. Mtoto anazama akiwa kitandani, pakavu."

Bibi alishika ukuta.

"Na kama... nauliza tu, baba. Na kama mtu hakula, amekunywa?"

"Amekunywa nini?"

"Nauliza tu."

"Maji matupu hutoka tumboni upesi. Maziwa hapana. Uji hapana. Togwa hapana, ina unga ndani. Mdomoni inapita kama kinywaji, lakini tumboni ni chakula."

Digna alikuwa amesimama pale, macho mekundu kwa kukosa usingizi, mkono wake juu ya nywele za mtoto. Bibi alimtazama. Akisema, Digna atajua. Muuguzi atajua. Restituta atajua, na Restituta akijua, Katindiuka yote itajua. Mama wa watoto saba! Ulimi ulimganda.

"Tunaanza," alisema Lukelo.

Kitanda kilisukumwa. Digna alimbusu mtoto, akabaki nyuma ya mstari mwekundu, pale ambapo ndugu husimama. Mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguliwa. Luciana aligeuza kichwa akamtafuta bibi yake, akampungia kwa mkono mzima, akitabasamu. Alikuwa ameitunza siri.

Tabasamu lile ndilo lililomkata bibi.

"Simama!" alipiga kelele. Alivuka mstari, akashika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. "Baba, simama! Amekunywa togwa. Kikombe kizima, alfajiri. Nimempa mimi. Nimemwambia mimi asiseme."

Digna naye alivuka mstari.

"Mama," alisema Digna. Alisema neno hilo moja, kisha machozi yakamtoka. "Nimekesha. Nimetoka kuteka maji tu. Maji tu, mama!"

Lukelo alikuwa ameshasimamisha kitanda. "Mama Luciana, kulia ni haki yako. Lakini nipeni dakika moja. Bibi, togwa ilikuwa nyepesi au nzito?"

"Nzito," alisema bibi huku akilia. "Kwangu mimi hakuna togwa ya maji maji." Hata katika aibu ile hakuweza kuiacha togwa yake ivunjiwe heshima.

"Basi leo asubuhi hatumlazi. Tutangoja mpaka alasiri. Mtoto mwenye maumivu tumbo lake husaga taratibu, sitaki kubahatisha. Vidole vyake vina joto, mfupa unaweza kungoja. Tutamwekea dripu ili asikaukiwe maji."

"Na kama mfupa usingeweza kungoja?" aliuliza Digna.

"Tungemlaza kwa namna nyingine, na vifaa vya kuyakinga mapafu. Lakini lazima tujue. Mtu aliyekula haniogopeshi. Anayeniogopesha ni yule aliyekula akanyamaza." Akamgeukia bibi. "Asante kwa kusema, bibi."

Bibi aliachia chuma cha kitanda. Alijiona hastahili asante.

Walikaa kwenye benchi la nje. Digna alikaa mwisho huu, bibi mwisho ule. Watu walipita na vyakula vya wagonjwa, na harufu ya wali ilipita nao. Hakuna aliyetaka kula.

"Nisamehe, mwanangu," alisema bibi.

Digna alikunja pindo la kanga yake, akalikunjua.

"Ungemuua, mama."

"Najua."

"Kila nikisema jambo juu ya mtoto wangu, wewe una lako. Kila siku. Mimi nanyamaza kwa heshima. Leo heshima yangu ingemzika mtoto."

"Ni kweli," alisema bibi.

Digna aligeuka kumtazama. Tangu aolewe katika nyumba ile, hakuwahi kusikia maneno hayo yakitoka katika mdomo ule.

Alasiri Lukelo alirudi. Aliuliza maswali yaleyale, tangu mwanzo. Safari hii alipouliza habari ya kula, Digna na bibi walijibu pamoja, na Luciana akajibu pia, kwa sauti kubwa: "Sijala na sijanywa, haki ya Mungu!" Wote wakacheka kidogo. Kitanda kikasukumwa ndani, mlango ukafungwa.

Kazi haikuchukua muda. Walipoitwa, Luciana alikuwa amelazwa kwa ubavu. Mkono ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta ngumu nyeupe. Muuguzi alikuwa ameketi karibu, na kifaa kilikuwa bado kwenye kidole.

Ghafla mtoto alifumbua macho. Yalikuwa yanachezacheza, hayamwoni mtu.

"Ndege!" alisema. "Ndege wengi! Wako ukutani! Fukuza! Yule nani amesimama pale?"

"Luciana! Luciana, mwanangu!" Digna alimrukia mabegani.

Bibi alimshika Digna mkono. Kila kitu ndani ya bibi kilitaka kupiga kelele, kuita watakatifu wote wa Mahenge na Ulanga. Lakini alimshika mkwe wake kwa nguvu.

"Usimtikise," alinong'ona. "Ni dawa. Alituambia. Kaa hapa, mama Luciana. Shika vidole vyake. Wewe ndiye mama yake."

Digna alikaa. Alishika vidole vya mtoto. Bibi alisali moyoni bila kutoa sauti, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima.

Kisha Luciana alitapika. Muuguzi alimshikilia kwa ubavu, akaweka beseni, akamfuta mdomo, akasikiliza pumzi yake. "Ni kawaida," alisema. "Anaendelea vizuri."

Bibi alitazama ndani ya beseni. Mlikuwa na mate na maji kidogo. Basi, hakuna kingine. Alisimama akitazama mate yale. Alikaa chini sakafuni, palepale. Kama ingekuwa asubuhi, ni nini kingetoka? Na kingeingia wapi?

Digna naye alikuwa ametazama. Alinyoosha mkono wake uliokuwa huru.

"Inuka, mama," alisema. "Sakafu ina baridi."

Luciana alilala tena. Alipoamka, macho yake yalikuwa yametulia.

"Mama, nina kiu."

"Uliwaona ndege?" aliuliza Digna.

"Ndege gani?"

Digna alicheka na kulia kwa pamoja.

Kabla hawajaondoka, Lukelo aliwaambia waanze na maji kidogo kidogo, kisha uji mwepesi. Mtoto asiachwe peke yake siku hiyo, wala asipande mahali, maana anaweza kuyumba. Akipumua kwa shida, akitapika mfululizo, au akiwa mgumu kuamka, wamrudishe. Vidole vikivimba, vikiwa vya baridi au vikifa ganzi, wamrudishe pia.

"Umesikia, mama?" aliuliza Digna.

"Nimesikia. Lakini wewe sema, mimi nitafuata."

Mkono wa Luciana ulipona, ukanyooka. Siku hogo lilipotolewa, jumuiya ya Kanisa ilikuwa inasali nyumbani kwao. Baada ya sala watu walikaa wakizungumza. Digna aliombwa aeleze habari za mtoto. Akaeleza vizuri, kwa maneno yake machache. Alipofika kwenye togwa alisema, "Basi, mtu mmoja akampa kitu cha kunywa."

Alisema hivyo kumsitiri mama mkwe wake. Lakini bibi Wilhelmina aliinuka.

"Mtu mmoja gani?" alisema. "Ni mimi. Nilimpa mimi, nikaficha. Nimelea watoto saba na nusura nimuue mtoto wa mwanangu kwa kikombe kimoja. Restituta, sikiliza vizuri, usije ukakosea utakapokwenda kusimulia."

Watu waliangua kicheko, Restituta akiwa wa kwanza. Kisha wakanyamaza, maana waliona bibi hachezi.

Watu walipoanza kuondoka, mzee mmoja alibaki nyuma. Alikuwa Fulgensi, fundi baiskeli, ambaye alipangiwa kupasuliwa ngiri wiki hiyo. Alisogea karibu na bibi, akaongea kwa sauti ya chini.

"Dada Wilhelmina. Hospitali waliniuliza kama nakunywa pombe. Nilisema hapana."

"Na unakunywa?"

"Gongo. Kila jioni. Na presha ninayo, nina vidonge vyake, navyo sikuvitaja. Niliona aibu. Tena gongo, si unajua, wanaweza kunishitaki."

"Wao si polisi, Fulgensi. Wanataka kujua wakuwekee dawa kiasi gani, na wakulinde namna gani."

"Sasa nimeshasema uongo. Nitarudije?"

Bibi Wilhelmina alimtazama. Aliijua aibu ile. Alijua inavyoganda kwenye ulimi, na alijua mlango wa chumba cha upasuaji unavyofunguka haraka.

"Kesho asubuhi nakupitia kwako," alisema. "Chukua vidonge vyako. Tutakwenda wote. Wewe utaingia useme, mimi nitasimama mlangoni."

"Na nikishindwa kusema?"

"Nitaingia niseme mimi. Nimeshazoea."

Kesho yake wakaenda. Fulgensi alisema mwenyewe.